Alama za Kalamu Nyekundu Kwenye Kibodi: Historia Fupi ya Kata, Nakili na Bandika

Tunaanza kwa kukiri kosa. Tulikuwa tunapiga chapa karatasi ya mtihani wa isimu, nasi tulikuwa tumebakiza swali moja tu. Tulitaka kuandika neno "Andika". Kidole kilichokusudia kitufe cha Shift kwa ajili ya A kubwa kikaangukia Ctrl. Kumbe Ctrl pamoja na A ni amri ya kuteua maandishi yote. Herufi iliyofuata ikafuta kila kitu, na kwenye ukurasa mzima likabaki neno moja: "ndika". Kwa hofu tukazima kompyuta. Tulikuwa hatujahifadhi hata mara moja, na mtihani wote ukapotea. Kesho yake katibu muhtasi wetu alitusikiliza, akacheka, akasema: "Mwalimu, ungebonyeza Ctrl na Z, yote yangerudi."

Tukio hilo ndilo lililotusukuma kuchunguza vitufe hivi vilitoka wapi. Tuliyoyakuta yanatuhusu sana sisi walimu wa lugha.

Mnamo mwaka 1974, katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC kilichokuwa Palo Alto, California, palikuwa na programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo. Iliundwa na Butler Lampson na Charles Simonyi pamoja na wenzao. Katika Bravo, herufi ileile ilikuwa na kazi mbili: wakati mwingine iliandika, wakati mwingine iliamuru. Kisa chake mashuhuri ni cha mtu anayeandika neno la Kiingereza "edit" bila kujua kwamba programu inangojea amri. E iliteua maandishi yote, D ikayafuta, I ikaanza kuingiza maandishi mapya, na T ikaandikwa. Waraka mzima ukageuka kuwa herufi moja, "t". Msomaji ataona kwamba "ndika" yetu ni ndugu wa "t" hiyo.

Larry Tesler, aliyejiunga na kituo hicho mwaka 1973, aliona kwamba mfumo wa namna hiyo unamtega mwandishi. Akishirikiana na Tim Mott, alitengeneza programu nyingine iliyoitwa Gypsy. Hapa ndipo tunapoombwa kusikiliza kwa makini. Gypsy haikutengenezwa kwa ajili ya wahandisi. Ilikusudiwa wahariri wa kampuni ya Ginn, iliyokuwa ikichapisha vitabu vya kiada karibu na jiji la Boston. Wahariri hao walifanya kazi kwa penseli, mkasi na gundi: walikata aya, wakaihamisha, wakaibandika mahali pengine. Gypsy iliiga kazi hiyo ya mikono. Kwa hiyo "kata" na "bandika" si istiari za mafundi. Ni maneno ya meza ya mhariri.

Mwaka 1980 Tesler alihamia kampuni ya Apple. Katika kompyuta ya Lisa, iliyotoka mwaka 1983, amri hizo zilipewa herufi Z, X, C na V zikitanguliwa na kitufe maalumu. Wanafunzi wetu huuliza: ikiwa tunasema "nakili", mbona tunabonyeza C wala si N? Na pale mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, menyu zikiwa kwa Kiswahili, mbona herufi hazikutafsiriwa? Jibu ni kwamba N ina kazi nyingine, ya kufungua waraka mpya. Isitoshe, katika herufi hizi nne ni C tu iliyotokana na neno la Kiingereza. X ni alama ya kufuta, ileile tunayoichora kwa kalamu nyekundu. V ni ile alama ya kuingiza neno lililosahauliwa, ikiwa imepinduliwa. Z iliwekwa kwa kuwa ni jirani yao katika safu ya chini. Wenzetu wa Burundi na Kongo wanaotumia kibodi za Kifaransa wataikuta Z juu, lakini X, C na V zimebaki pamoja.

Windows za mwanzo zilitumia njia nyingine: Shift na Delete kukata, Ctrl na Insert kunakili, Shift na Insert kubandika. Herufi za Tesler zilipokewa katika Windows 3.1, mwaka 1992. Hata hivyo, njia za zamani bado zinafanya kazi katika programu nyingi, na ni msaada mkubwa pale kitufe cha C au V kinapokufa, jambo ambalo si geni katika vyumba vyetu vya kompyuta.

Tungependa kuongeza njia chache za mkato zinazowafaa waandishi wa Kiswahili. Ctrl pamoja na kitufe cha kufuta nyuma hufuta neno zima kwa mara moja; kwa lugha yenye maneno kama "hawakutusomeshea", hiyo ni nafuu kubwa. Katika Microsoft Word, Shift na F3 hubadili herufi ndogo kuwa kubwa na kinyume chake, na Shift na F5 hukurudisha mahali ulipohariri mwisho. Kwa kawaida kipande kipya unachonakili hufukuza cha zamani, ila tangu mwaka 2018 Windows 10 ilipata orodha ya vipande vilivyotangulia: bonyeza kitufe cha Windows na V, na mara ya kwanza ukubali iwashwe.

Tesler alifariki mwezi Februari 2020. Kazi yake inatufunza kwamba vitufe hivi havikuwekwa kwa ajili ya wataalamu wa kompyuta. Viliwekwa kwa ajili ya watu wanaosahihisha maandishi, yaani sisi. Basi tuwafundishe wanafunzi wetu Ctrl na Z siku ileile tunayowafundisha kuwasha kompyuta, na Ctrl na S ya kuhifadhi siku hiyohiyo. Kinga ni bora kuliko tiba. Sisi tuliutunga mtihani ule upya usiku kucha.