Kivuli cha Miembe ya Ujiji

Mabibi harusi wanaokwenda kutembea Kigoma baada ya fungate hutuuliza njia isiyochosha. Tunawaelekeza Ujiji, mji wa kale wa Waislamu kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita chache tu kutoka mjini. Buibui jepesi, viatu vya chini na chupa ya maji, basi.

Lakini kivuli cha miembe ile kina historia. Hapo ndipo ilipofika njia ya misafara kutoka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Burton na Speke walifika mwaka 1858. Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Hao vitabu vinawataja sana. Sisi mafundi cherehani tunakumbuka marobota. Merikani na kaniki ndizo zilizokuwa fedha ya safari: kwa nguo walinunua chakula, wakalipa hongo kwa machifu, wakanunua pembe za ndovu. Na watu pia.

Wafanyabiashara wengi walitoka kwetu Unguja, Waislamu kama sisi. Tusilifiche hilo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na miongoni mwa waliouzwa walikuwa wanawake wengi. Baadhi yetu ni vitukuu vyao.

Kwa hiyo, dada, ukikaa chini ya mwembe kupumzika na mumeo, kabla ya kupiga picha, waombee dua waliopita hapo bila hiari yao.