Amefunga Nini? Historia Fupi ya Neno la Saumu

Mwezi mmoja wa Ramadhani, nikifundisha sarufi, mwanafunzi aliniuliza: "Mwalimu, umesema kitenzi elekezi hudai yambwa. Mbona wewe husema 'nimefunga' tu? Umefunga nini?" Darasa likacheka. Nikajibu, "Tumbo," nikaendelea na somo. Leo nimestaafu, naishi hapa Buswelu, na jibu lile naliona pungufu.

Saumu ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni kujizuia. Katika Kurani, neno la shina hilohilo latumika pale Bi Maryamu anapoweka nadhiri ya kutosema na mtu. Kwa hiyo hata ulimi una saumu yake. Mfungo wa Ramadhani ulifaradhishwa mwaka wa 2 wa Hijria, yapata mwaka 624, na aya inayouamrisha yataja shabaha yake: uchamungu. Njaa ni njia ya kufikia huko.

Pamoja na saumu, Waswahili walikitwaa kitenzi chao wenyewe cha Kibantu, kufunga, wakakiacha bila yambwa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza daraja tatu za saumu ambazo, kwa maoni yangu, zaliziba pengo hilo. Ya kwanza hufunga tumbo na matamanio ya mwili. Ya pili hufunga pia jicho, sikio, ulimi, mkono na mguu visitende dhambi. Ya tatu hufunga moyo usishughulike na kingine ila Mungu.

Kinyume cha kufunga ni kufungua, na hapo ndipo wazee wa pwani walipojenga kalenda. Shawwali, mwezi unaofuata Ramadhani, waliuita Mfunguo Mosi. Wakahesabu hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Maulidi huangukia Mfunguo Sita. Muharamu, unaofungua mwaka wa Hijria, kwao ni Mfunguo Nne tu. Siku hizi wengi husema "Mfungo Mosi". Irabu moja imedondoka, na maana imefichika. Miezi tisa ilipewa jina la kufunguliwa, kana kwamba kila mmoja waulizwa: uliyoyafunga Ramadhani, umeyafungulia tena?

Msamiati huu ulifika kwetu kandokando ya Ziwa kwa misafara ya biashara iliyopitia Tabora. Mwaka 1875, Stanley alipofika Kageyi, aliwakuta watu wa pwani wamekwisha kutangulia. Leo jirani yangu Msukuma asiye Mwislamu huniuliza saa ya futari bila kuhitaji mkalimani.

Nikiri jambo moja. Miaka mingi nilifunga tumbo, ulimi nikauacha wazi. Alasiri, njaa ikinikaba, niliwakaripia wanafunzi kwa maneno makali, kisha nikajitetea: "Nimefunga, msinichokoze." Saumu, iliyokuwa iniwekee lijamu, nikaifanya ruhusa ya kuwaumiza watoto wa watu. Jioni nilifuturu kwa uji na viazi vitamu, nikajiona nimetimiza.

Mwanafunzi yule, popote alipo, alistahili jibu refu zaidi. Kitenzi kile hakikukosa yambwa, mwanangu. Kiliachwa wazi ili kila anayekitamka aijaze mwenyewe, na mimi nilikuwa nimejaza neno moja tu.