Ngeu ya Mfangano

Kutoka Mbita unavuka kwa mashua hadi kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, kisha unapanda mlima mpaka Kwitone. Hapo mwamba umejikunja ukawa kama paa, na chini yake kuna miduara: mmoja ndani ya mwingine, myekundu na myeupe, mingine ikichomoza miale. Humwoni swala wala mwindaji.

Kukosekana kwao ndiko kunakowatambulisha wachoraji. Miamba ya Kondoa nchini Tanzania, iliyotangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina twiga, tembo na watu wembamba. Ndugu wa michoro ya Mfangano wako kwingine: Nyero, mashariki mwa Uganda, na hata Chongoni, Malawi. Wataalamu huihusisha na Watwa, waliokula walichowinda na walichochuma porini. Rangi yao nyekundu ilikuwa ngeu, na brashi yao kidole; ndiyo maana mistari ni minene.

Kisha wakaja wengine.

Abasuba walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda, wakakuta kuta zilizochorwa na mikono isiyo yao. Hawakuzifuta. Ukoo wa Wagimbe uliifanya Kwitone mahali pa kuombea mvua. Wasamo wakafanya vivyo hivyo katika pango la Mawanga, karibu na maji. Miduara ikapata kazi mpya, na mchoraji asiyejulikana akapata walinzi, kwa kuwa mahali pa tambiko hapachezewi na watoto wala wachunga mbuzi.

Kurithi kazi ya mgeni si jambo la kisiwani peke yake. Bara, katika Kaunti ya Migori, kuta za boma la Thimlich Ohinga zilipangwa kwa mawe matupu bila udongo wa kushikizia, yamkini katika karne ya 16. Zina unene wa wastani wa mita 1. Jamii za Kibantu na za Kinailoti zilipokezana boma hilo, kila moja ikikarabati ilichokikuta, hadi katikati ya karne ya 20. UNESCO ililitangaza Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Huko Mfangano, Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba yameshirikiana na shirika la TARA la Nairobi kuitunza michoro na kupokea wageni. Wajukuu wa waomba mvua sasa huwapandisha watalii mlimani.