Kujihami kwa nyoka wasio na sumu

Kujihami kwa nyoka wasio na sumu ni mbinu ambazo nyoka hao hutumia wanapokaribiwa na adui, akiwemo binadamu. Butimba, katika Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, na kwingineko kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria, watu hukutana nao njiani, kwenye mawe makubwa ya itale, vichakani na kando ya maji. Mara nyingi nyoka huhisi mtetemo wa hatua ardhini akaondoka mapema, na mpita njia hajui kama alikuwepo.

Asiye na pa kukimbilia hutisha. Hodari wa kutisha ni nyoka mla-mayai (Dasypeltis scabra), aliyeelezwa na Linnaeus mwaka 1758. Chakula chake ni mayai ya ndege tu. Hulimeza yai zima, hulipasua kooni kwa miiba ya uti wa mgongo, kisha hulitapika ganda. Kwa kuwa meno yake ni madogo mno, hawezi kumdhuru mtu. Hata hivyo, akibanwa hujikunja na kusugua magamba ya ubavuni, yenye kingo kama msumeno, hadi yatoe sauti ya kukwaruza. Kisha hurusha kichwa mbele akiwa amepanua kinywa, ambacho ndani ni cheusi. Rangi na mabaka yake hufanana na ya nyoka wa jenasi Causus, ndugu wa kifutu wenye sumu. Igizo hili huwafukuza maadui wengi, lakini mbele ya mtu mwenye fimbo humponza: hupigwa kwa kudhaniwa kuwa ndiye huyo anayemwigiza.

Nyoka wa kijani wa jenasi Philothamnus huvimbisha shingo, na ngozi yenye buluu ikaonekana kati ya magamba. Hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu Dispholidus typus, nyoka wa mitini ambaye pia huweza kuwa wa kijani, huvimbisha shingo vilevile, na sumu yake huzuia damu kuganda. Dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi, hivyo aliyeumwa hujiona mzima na kurudi nyumbani. Rangi au shingo pekee haitoshi kumtambua nyoka.

Kwenye majani yenye unyevu ufukweni huishi Natriciteres olivacea, mla vyura na samaki wadogo. Akishikwa mkia hujizungusha mpaka ukatike, naye akakimbia. Tofauti na mjusi, mkia huo hauoti tena.

Nyoka vipofu wa familia Typhlopidae, wanaofukuliwa kwa jembe, humchoma mshikaji kwa ncha ya mkia. Wengi hudhani wameumwa na sumu, ingawa ncha hiyo haina sumu yoyote. Wengine hutoa kinyesi chenye harufu mbaya.

Chatu naye hana sumu, lakini ukubwa wake na meno yake humfanya awe hatari. Hafai kuhesabiwa miongoni mwa wasio na madhara.

Anayekutana na nyoka asimame, kisha arudi nyuma polepole na kumwachia njia. Aliyeumwa apelekwe hospitali upesi hata kama nyoka anadhaniwa hana sumu, sehemu iliyoumwa ikiwa imetulizwa, bila kuchanjwa, kunyonywa wala kufungwa kamba ya kubana.