Kete, Fundo na Uzi: Historia ya Kutunga Shanga katika Nchi ya Geita

Mkoa wa Geita, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kuunganishwa maeneo yaliyokuwa ya mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, unafahamika Tanzania nzima kwa dhahabu yake, ambayo ilianza kuchimbwa kwa mitambo katika miaka ya 1930, ikasimama mwaka 1966 na kurudi kwa nguvu mpya mwaka 2000 ulipofunguliwa mgodi mkubwa wa wazi. Upande wa Shinyanga nako, almasi ya Mwadui iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940 imefanya jina la mkoa huo lisitengane na vito. Hata hivyo, kwa muda mrefu kabla ya migodi hiyo, Wazinza, Wasumbwa, Wasukuma na Warongo waliokaa kati ya ufuko wa kusini-magharibi wa Ziwa Viktoria na misitu ya Bukombe hawakujipima utajiri kwa dhahabu iliyokuwa chini ya miguu yao. Miongoni mwa vitu walivyovitamani, kuvitumia katika biashara na kuvivaa ni ushanga, na historia ya ushanga huo inaonyesha kwamba kazi ndogo inayofanywa leo nyumbani, ya kupitisha punje kwenye uzi na kufunga fundo, iliwahi kuwa sehemu ya kutengeneza fedha.

Kabla ya kuifuata historia hiyo inafaa kueleza maneno yenyewe. Ushanga ni punje moja yenye tundu katikati, na wingi wake ni shanga, ziwe za kioo, mfupa, kome, mbegu au chuma. Kidani ni pambo la shingoni linalotokana na shanga hizo zikishafungwa pamoja. Kitendo cha kuzipanga kwenye uzi huitwa kutunga, kitenzi kilekile ambacho Kiswahili hukitumia kwa mtu anayetunga shairi au anayetunga samaki kwenye kamba, na matumizi hayo yanadokeza kwamba kwa wenye lugha hii thamani ya kidani haikutafutwa katika punje pekee, bali pia katika mpangilio unaozifanya punje nyingi kuwa kitu kimoja.

Kutunga ni kazi ya kale mno katika Afrika Mashariki. Katika pango la Kisese, wilayani Kondoa, wanaakiolojia wamepata shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000, ambazo zilitengenezwa kwa kuvunja ganda vipande vidogo, kukitoboa kila kipande kwa jiwe lenye ncha na kusugua kingo zake hadi ziwe duara. Palipokosekana mbuni zilitumika mbegu, zikiwamo za mtipitipi, mmea utambaao ambao mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi hupendeza machoni ingawa ndani yake mna sumu kali. Katika nchi ya Geita yenyewe mapambo yalitoka pia kwa wafua chuma. Warongo, waliosifika kwa kuyeyusha madini ya chuma na kufua majembe, waliuza kazi zao hadi Usukuma, ambako jembe lilihesabiwa kuwa mali na liliweza kuwa sehemu ya mahari, na nyaya nyembamba za chuma na za shaba zilizosokotwa kuwa bangili za miguuni na mikononi, ziitwazo sambo, zilivaliwa pamoja na shanga.

Kioo kilitoka mbali zaidi. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza, kinataja vitu vya kioo miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa Rhapta, bandari iliyokuwa kwenye pwani ambayo leo ni ya Tanzania. Katika karne zilizofuata shanga za kioo kutoka India, pamoja na za akiki kutoka Khambhat, zilienea katika miji ya Waswahili. Lakini bara lilipata vioo hivyo kwa wingi katika karne ya 19 tu, baada ya Sultani Sayyid Said kuimarisha utawala wake Unguja na misafara ya pembe za ndovu kufika Tabora, mji ambao wasafiri wa wakati huo waliuita Kazeh. Mizigo ilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, waliotembea kwa miezi kadhaa kutoka Bagamoyo, kwa hiyo shanga hazikuletwa Usukuma na wageni peke yao: vijana wa nchi hiyohiyo walizifuata pwani na kurudi nazo.

Nyingi ya shanga hizo zilitengenezwa Venice, hasa kisiwani Murano, ambako fundi alipuliza kibonge cha kioo kilichoyeyuka, akamkabidhi mwenzake ncha ya pili, kisha wawili hao wakakimbia kuelekea pande tofauti hadi kibonge kikavutika kuwa mrija mrefu na mwembamba wenye tundu katikati. Mrija ukishapoa ulikatwa vipande vidogo, na vipande hivyo vikachanganywa na majivu au mchanga na kupashwa moto huku vikizungushwa, ili kingo zake kali zilainike bila tundu kuziba. Ushanga mwekundu uliopendwa sana bara uliitwa samisami. Kwa mujibu wa msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya mwaka 1857 na 1859, ulikuwa na tabaka jekundu juu ya kiini cheupe. Mbinu hiyo ilipunguza gharama, kwani kioo chekundu kilikuwa ghali. Baadhi ya vioo vyekundu vya Ulaya katika karne hiyo vilipata wekundu wake kwa kutiwa dhahabu kidogo. Inawezekana basi kwamba baadhi ya waliotembea juu ya miamba ya dhahabu ya Geita walivaa dhahabu ya nchi nyingine, ikiwa imejificha ndani ya rangi ya ushanga.

Unguja shanga ziliuzwa kwa frasila, kipimo cha uzito cha takriban kilo 16, lakini njiani hakuna mwanakijiji aliyeuza kuku wake kwa mizani. Huko kipimo kilikuwa mkono. Shanga zilitungwa kwenye nyuzi za ukindu na kupimwa kwa kete, neno ambalo siku hizi linajulikana zaidi kwa maana ya punje ya kuchezea bao lakini ambalo wakati huo lilikuwa jina la uzi mmoja wa shanga, wenye urefu wa kutoka ncha ya kidole gumba hadi kiwiko, kwenda na kurudi. Kete 10 zilifungwa pamoja na kuitwa fundo. Kwa kipimo hicho chakula cha msafara kilinunuliwa siku kwa siku, na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, alipojiandaa kumtafuta mmisionari David Livingstone mwaka 1871, alikisia kwamba watu wake 100 wangehitaji kete 50, yaani mafundo matano, kila siku.

Hapa ndipo kazi ya kutunga inapojitokeza katika sura yake ya kiuchumi. Shanga zilizomwagika ndani ya gunia zilikuwa bidhaa tu, mali ghafi isiyoweza kununua chochote bila ubishi. Zikiisha kupitishwa kwenye uzi, kupimwa kwa mkono na kufungwa, ziligeuka kuwa fedha yenye kiwango ambacho muuzaji na mnunuzi wote walikitambua kwa macho. Aliyetunga kete alifanya kazi inayofanana na ya mtu afuaye sarafu, na tofauti kubwa kati ya fedha yake na sarafu ya chuma ilikuwa kwamba yake iliweza kuvaliwa shingoni jioni ileile iliyopokewa. Kwa sababu hiyo kiasi fulani cha shanga kilitoka sokoni kila wakati na kubaki miilini mwa watu, hali iliyofanya mahitaji ya shanga mpya yasiishe.

Thamani ya fedha hiyo iliamuliwa na uchaguzi wa wavaaji. Burton aliandika kwamba aina za shanga zilizojulikana katika biashara zilifikia karibu 400, na kwamba samisami ilipewa majina ya utani yenye maana ya kumaliza chakula na kuvunja mji, kwa kuwa mwanamume aliweza kutoa chakula chake ili aipate na wanawake waliipenda kupita kiasi. Stanley naye alionya kwamba shanga nyeusi ziitwazo bubu, ingawa zilipokelewa Ugogo, hazikuwa na faida kwa makabila mengine, na kwamba nyeupe zilizokubalika Ufipa zilidharauliwa Ukonongo. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa ya kununua magunia 22 ya aina mbalimbali, akikisia kwa uangalifu ni kiasi gani cha kila aina kingekwisha wapi. Tajiri wa Unguja au fundi wa Murano, kwa hiyo, hakuwa na amri juu ya soko la bara. Ladha ya wanawake na vijana wa vijijini, ambayo iliweza kubadilika kati ya safari moja na nyingine, ndiyo iliyoamua gunia lipi liwe mali na lipi liwe mzigo mtupu.

Wazinza waliijua nguvu hiyo na kuitumia. Mwaka 1861 wasafiri John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakielekea Karagwe kupitia Uzinza, walicheleweshwa kwa miezi kadhaa na maradhi, uhaba wa wapagazi na madai ya hongo, yaani ushuru ambao mtawala alimtoza mpita njia kwa haki ya kupita na kulindwa katika nchi yake. Lumeresi, mmoja wa watawala waliomkaribisha na kumzuia Speke, alidai vitu kwa kuvichagua, na mashauri yalirudiwa siku baada ya siku mpaka ngoma ya kuridhia ikapigwa. Nguo, nyaya na shanga vilikuwa ndani ya ushuru huo, na kwa njia hiyo vioo vya Ulaya viliingia katika nyumba za watawala wa sehemu hizo kama alama ya heshima.

Pamoja na biashara, shanga zilipata maana za ndani ambazo mchuuzi hakuzikusudia. Kwa Wasukuma zilikuwa njia mojawapo ya kuonyesha uhusiano na masamva, yaani mizimu ya wahenga, na mtu aliyeelezwa na mfumu, mganga na mpiga ramli, kwamba mhenga fulani anamkumbuka aliweza kuvaa shanga kwa ajili yake. Katika ngoma nako, ushindani wa vyama vya Bagika na Bagalu, vilivyopewa majina ya Ngika na Gumha, waganga wawili wa karne ya 19, uliwafanya wachezaji wajitahidi kuwavutia watazamaji kwa dawa, ufundi wa kucheza na mavazi, zikiwamo shanga. Mapambo ya ngoma hizo, vifaa vya watemi na vya waganga yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, yaliyoanzishwa kwa juhudi za padri David Clement. Kwa maana hizo uzi wa shanga ulikuwa na uwezo wa kumweleza mtazamaji mvaaji ni nani, ni wa chama gani, na ni wahenga gani anaowaheshimu.

Enzi ya ushanga kama fedha ilikwisha bila vita. Utawala wa Wajerumani ulitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na kadiri kodi hiyo ilivyozidi kudaiwa kwa sarafu, kete ya shanga ilipoteza kazi yake ya kulipa deni. Rupia na heli za Wajerumani, kisha shilingi ya Waingereza, zikashika nafasi yake, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Mwanza mwaka 1928 ikafuta kazi ya mpagazi. Pamba na mifugo ndivyo vikawa chanzo cha fedha Usukuma, na kuanzia miaka ya 1940, familia nyingi za Kisukuma zilipohamia Geita kutafuta mashamba na malisho katika misitu iliyokuwa ikifyekwa ili kuondoa mbung'o, zilihamia na mapambo pamoja na desturi zao. Ushanga ulipoacha kuwa fedha haukuachwa. Ulirudi mikononi mwa wanaoupenda kwa ajili ya uzuri na maana yake.

Kidani cha kawaida kinachotungwa nyumbani leo kinafuata hatua ambazo mtunga kete angezitambua mara moja. Mtungaji humwaga shanga juu ya kitambaa ili zisibingirike, akazitenga kwa rangi na ukubwa, kisha akakata uzi mrefu kuliko kidani anachokikusudia, ili abakiwe na nafasi ya kufunga. Ukindu umepisha uzi wa nailoni, wa namna ileile inayotumika kuvulia samaki, kwa kuwa hauozi kwa jasho wala haukatwi upesi na kingo za kioo. Ushanga wa kwanza hufungwa kwa muda mwishoni mwa uzi uwe kizuizi. Zinazofuata hupitishwa kwa hesabu, kwa mfano tano nyeupe, mbili za buluu na moja nyekundu, na hesabu hiyo hurudiwa bila kukosea, kwani kosa la ushanga mmoja huonekana kidani kinapovaliwa. Urefu bado hupimwa kwa mwili: kidani kisicho na kibanio lazima kipite kichwani. Mwishoni ncha mbili hufungwa fundo maradufu, na mabaki ya uzi hurudishwa ndani ya matundu ya shanga za jirani ili fundo lisilegee.

Kwa hiyo anayetazama nchi ya Geita kwa jicho la mgodi peke yake huona nusu tu ya historia ya mapambo yake. Dhahabu iliyokuwa ardhini ilipewa bei na masoko ya mbali, ilhali ushanga uliotoka mbali ulipewa bei na watu wa Uzinza na Usukuma wenyewe, walioukubali au kuukataa kwa rangi, wakaupima kwa mikono yao na kuupa maana za ukoo wao. Soko la kete limekwisha kwa zaidi ya karne moja sasa, na kipimo cha fundo hakinunui tena hata yai. Kilichobaki ni kazi yenyewe ya kutunga, ambayo ndiyo iliyokuwa na thamani tangu mwanzo.