Mzio na maziwa ya herufi HA

“Daktari, nipe yale maziwa ya kuzuia aleji.” Ombi kama hili halimshangazi mtu katika kemisti za mitaa inayopakana na Soko la Burma, Nairobi: Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni. Muuza dawa huitwa daktari, na kopo analoshusha rafuni huwa na herufi HA. Herufi hizo ni kifupisho cha neno la kigeni lenye maana ya “yasiyoamsha mzio kwa urahisi”. Halitaji kuzuia chochote. Kuzuia kumeongezwa njiani, kati ya kiwanda na kaunta, na mzazi hulipa pesa nyingi kwa ajili ya nyongeza hiyo.

Aleji kwa Kiswahili sanifu ni mzio. Kabla ya kuingia hospitalini, mzio ulikuwa ni kitu ambacho mtu amekatazwa kula, kwa sababu ya dawa anayotumia au mila ya kwao. Neno la kigeni, aleji, lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, kutokana na Kigiriki, akiutaja mwili ulioanza kuitikia kitu tofauti na awali. Lake linasimulia kazi ya mwili. Letu linaamuru kujiepusha. Nalipenda letu, nami nalitumia, lakini amri hiyo iliyomo ndani yake ina madhara nitakayoyarudia.

Maziwa mengi ya kopo hutokana na ya ng’ombe. Kwa watoto wachache, kinga ya mwili huziona protini za maziwa hayo kuwa adui: mtoto hutoka vipele, huvimba midomo, hutapika, hata hukosa pumzi. (Laktosi ni sukari, haihusiki hapa, maziwa yasiyo na laktosi hayamsaidii mtoto huyu.) Ndipo kiwandani protini hukatwakatwa kwa vimeng’enya na joto hadi kinga isizitambue vizuri. Kwa kuwa tumbo nalo hufanya kazi hiyohiyo, istilahi inayofaa ni protini iliyomeng’enywa.

Ila kuna kukata na kukata. Makopo ya HA kwa kawaida yana protini iliyomeng’enywa kiasi, na vipande vyake bado ni vikubwa vya kutosha kumdhuru mtoto ambaye tayari ana mzio wa maziwa. Huyo huhitaji iliyomeng’enywa sana, au maziwa ya asidi amino, kwa maelekezo ya daktari. Nasema “sana” wala si “kabisa”, kwa sababu vipande hubaki, na wapo watoto wachache ambao hata hivyo huwadhuru.

Je, maziwa yenye protini iliyomeng’enywa yanamkinga mtoto ambaye bado hana mzio? Mwaka 2016 watafiti wa Imperial College London, wakiongozwa na Robert Boyle, walichapisha katika jarida la BMJ uchambuzi wa tafiti nyingi za maziwa haya. Hawakupata ushahidi thabiti kwamba yanazuia mzio.

Kilichoonekana kuzuia, angalau kwa njugu karanga, ni kula. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mtoto aliye katika hatari ya mzio asipewe karanga hadi atimize miaka 3. Mwaka 2015 Gideon Lack na wenzake wa King’s College London walitoa matokeo ya watoto 640 wenye pumu ya ngozi kali au mzio wa mayai. Kufikia umri wa miaka 5, waliokuwa wameepushwa na karanga walipata mzio wake takriban 17 kwa kila 100. Waliozila tangu uchangani, takriban 3. Hapo ndipo amri ya kujiepusha iliyomo katika mzio inapompoteza mzazi. Mama wa Kaloleni anayetia unga laini wa karanga katika uji wa mtoto aliyekwisha kutimiza miezi 6 yuko karibu na sayansi kuliko kopo. Karanga nzima asimpe, zitamkaba. Na mwenye pumu ya ngozi kali aonwe na daktari kwanza.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 kuhusu vibadala vya maziwa ya mama inakataza kuvitangaza na kugawa sampuli za bure. Kwa hiyo maneno ya kaunta yana uzito. Kopo la HA liitwe maziwa yenye protini iliyomeng’enywa kiasi. Mama akiuliza kama yanazuia aleji, ajibiwe hapana, kisha aulizwe kama mtoto bado ananyonya.