Presha

Daktari ataandika “shinikizo la damu”. Kijijini Munje ni presha tu. Mzee akisema “nina presha”, huenda anaumwa, huenda anadaiwa karo. Dawa ya atenololi inatibu ile ya kwanza: huziba vipokezi vya adrenalini moyoni, mapigo yakapungua, msukumo wa damu ukashuka. Nduguye propranololi, aliyoibuni James Black huko Uingereza miaka ya 1960, hutuliza hata mikono inayotetemeka kwa hofu. (Karo itabaki palepale.) Ila mwenye pumu, dawa ya aina hii inaweza kumbana pumzi, na mwenye kisukari ikamficha dalili za sukari kushuka. Hatari zaidi ni kuiacha ghafla eti “presha imeshuka”: moyo huweza kurudi mbio kwa kishindo. Dozi hupunguzwa polepole, na daktari.